Dreni na vazi la kubana: ndani, nje, au katikati?

Nilirudi nyumbani baada ya kuondolewa ngozi iliyolegea tumboni nikiwa na mirija miwili ya kutolea majimaji, yaani dreni, inayotoka juu kidogo ya kinena. Kila mmoja ulikuwa na kichupa chake cha mpira chenye umbo la komamanga, na juu ya yote hayo nilivalishwa vazi la kubana lililoanzia chini ya matiti likaishia katikati ya mapaja. Nilikuwa nimefundishwa vizuri kumwaga majimaji na kuandika kipimo. Nilikuwa nimeambiwa pia kwamba vazi nisilivue ila wakati wa kuoga. Jinsi vitu hivyo viwili vinavyokaa pamoja, hakuna aliyenieleza. Usiku wa kwanza nilikwenda haja ndogo, nikafungua zipu, kichupa kimoja kikaponyoka na kuning'inia kwa ule uzi ulioushonea mrija kwenye ngozi. Nilishika ukuta nikalia.

Miezi saba baadaye nikamuuguza dada yangu mkubwa, aliyejengewa titi upya baada ya saratani. Yeye alikuwa na dreni tatu: mbili kifuani na moja tumboni. Mengi yaliyonifaa mimi hayakumfaa yeye, na hilo ndilo lililonifanya niuandike ulinganisho huu. Kama upasuaji wako bado, soma kabla hujanunua chochote. Kama uko kitandani sasa hivi na kichupa kiko mkononi, anza na sehemu ya mrija kupita wapi.

Vitu viwili, kazi moja

Kichupa cha aina niliyokuwa nayo, ambacho hospitalini hukiita Jackson-Pratt au JP, hakina betri wala mashine. Unakiminya, unakifunga kifuniko kikiwa kimeminywa, nacho kwa kutaka kurudi kwenye umbo lake kinavuta majimaji kutoka chini ya ngozi. Vingi hubeba mililita 100. Kadiri kinavyojaa, ndivyo nguvu ya kuvuta inavyopungua, na ndiyo sababu tunaambiwa tukimwage kikifika nusu, au angalau mara mbili kwa siku hata kama ni kidogo. Wengine hupewa kile cha duara chenye springi ndani, Hemovac, ambacho ni kikubwa zaidi na hubeba hadi mililita 400. Hicho kusahaulika ndani ya nguo ni vigumu, kwa hiyo mengi ninayoyasema hapa yanahusu kile kidogo.

Vazi nalo linaibana ngozi iliyobanduliwa ishikane tena na nyama iliyo chini yake. Dreni na vazi vinapigana na adui mmoja: majimaji kujikusanya mahali palipobaki wazi, yaani seroma. Shida ni kwamba vinaweza kuharibiana kazi. Vazi likiukunja mrija, majimaji yanabaki ndani, na vazi hilohilo linauficha uvimbe usiuone. Kwa hiyo kila chaguo hapa chini nimelipima kwa swali moja: mrija unapita wapi chini ya kitambaa kinachobana, na je, naweza kuukagua bila kuvua kila kitu?

Kichupa ndani ya vazi au nje yake

Kukiweka ndani kunavutia. Hakionekani, hakibembei, na ukivaa gauni pana juu yake hakuna anayejua. Siku mbili za mwanzo nilifanya hivyo, na ninasema wazi kwamba nilikosea.

Kosa la kwanza ni hili. Kichupa kinachofanya kazi huonekana kimebonyea. Kikiumuka kama puto, kimepoteza nguvu na kinahitaji kuminywa upya. Ukikiweka chini ya kitambaa kinachobana, kitambaa ndicho kinachokibonyeza. Kifuniko kinaweza kuwa kimelegea tangu asubuhi, kichupa hakivuti chochote, nawe ukikipapasa unakuta bapa ukaridhika. Mimi niligundua jioni, nilipokuta mililita 5 upande wa kushoto na 40 upande wa kulia.

La pili ni ganzi. Baada ya upasuaji wa tumbo, ngozi ya chini ya kitovu hukosa hisia kwa wiki au miezi, na ngozi ya kifua baada ya kuondolewa titi huwa hivyohivyo. Mtu mwenye hisia zake akikalia kitu kigumu anajisogeza. Sisi hatusikii. Kichupa, au ile sehemu ngumu mrija unapoungana nacho, inaweza kuigandamiza ngozi usiku kucha bila wewe kujua, tena ngozi ambayo mishipa yake ya damu imetoka kukatwa mingine na bado inajitafutia njia. Asubuhi nilikuta alama nyekundu ya duara iliyochukua nusu siku kufifia. Ingekuwa siku tatu mfululizo, lingekuwa jeraha.

Kukiweka nje kuna taabu zake. Kinajishika kwenye kitasa cha mlango, mtoto anakivuta, na nguo za juu lazima ziwe pana. Lakini unakiona, unakimwaga bila kufungua hata kifungo kimoja, na usiku anayekuuguza anaweza kukikagua kwa tochi bila kukuamsha. Kwa tumbo, chaguo langu ni nje, na silioni jingine la kushindana nalo.

Kuna la katikati ambalo watu hulichanganya na la ndani: vazi lenye mfuko ulioshonwa juu ya tabaka linalobana, kwa kitambaa laini kisichobana. Hilo halina kasoro nilizozitaja. Ukiliona dukani, ingiza ngumi yako kwenye mfuko. Ikiwa mfuko unaibana ngumi, utakibana na kichupa.

Mrija upite wapi

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi, kwa sababu watu hununua mkoba mzuri wa kichupa wakasahau kwamba kichupa si tatizo. Tatizo ni sentimita chache za mrija zilizolala kati ya ngozi na kitambaa.

Njia ya kwanza ni kuupandisha mrija hadi ukingo wa juu wa vazi. Haihitaji kukata chochote, na ndivyo nilivyovalishwa hospitalini. Kwa dreni iliyotoka kinenani hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote: mrija unapanda tumbo zima chini ya mgandamizo, unajikunja kila unapokaa, na unaacha mfereji kwenye ngozi. Kwa dreni iliyotoka ubavuni au chini ya kwapa, ukingo wa juu uko karibu na njia hii inafaa kabisa.

Ya pili ni kuutoa chini, kupitia uwazi ambao mavazi mengi huwa nao kwa ajili ya choo. Ni njia fupi mno, na ndiyo sababu wengi huiangukia. Mimi siipendi. Mkojo unaugusa mrija, na mrija huo unaongoza moja kwa moja hadi kwenye kitundu kilicho wazi mwilini. Kama huna njia nyingine kwa siku moja mbili, uzungushie shashi safi na uibadilishe kila unapotoka chooni.

Ya tatu ni kupitia zipu iliyoachwa wazi kidogo. Ni nzuri kwa sababu zipu nyingi za pembeni zinapita karibu na nyonga, mahali ambapo madaktari wengi huzitolea dreni za tumbo. Ila meno ya zipu huuma plastiki. Weka kipande cha shashi kilichokunjwa kati ya mrija na meno, na ufunge kulabu za ndani juu na chini ya mrija ili zipu isiteleze ikafunguka yote.

Ya nne, ambayo ndiyo niliyoishia nayo, ni tundu. Nilimwomba mpasuaji wangu ruhusa, akakubali, tukalitoboa vazi sawasawa na mahali mrija unapotokea, kisha shangazi akalidariza ukingoni kama tundu la kifungo ili lisichanike. Mrija ukatoka wima, bila kulala chini ya kitambaa hata kidogo. Tahadhari ni moja: kichupa ndicho kinachopitishwa kwenye tundu, kikiwa kimemwagwa na kuminywa. Usiutenganishe mrija na kichupa kamwe ili upitishe kitu chembamba; hapo unafungulia vijidudu mlango. Kwa hiyo tundu linakuwa kubwa kuliko unavyodhani, na uvimbe hupenda kuchungulia pale ambapo kitambaa hakibani. Nililala na kipande cha sponji kilichokatwa katikati kukizunguka kitundu, na uvimbe ukatulia. Baadhi ya mavazi yanatengenezwa na matundu hayo tayari. Kama lako linayo, angalia yako wapi, maana tundu lililo vidole vinne mbali na dreni yako linaukunja mrija badala ya kuusaidia.

Njia yoyote utakayoshika, acha kitanzi kidogo cha mrija kimelegea na ukibandike kwa plasta kwenye ngozi, vidole vichache kutoka kwenye mshono. Ukivutwa, ivutike plasta, usivutike uzi.

Mkanda wa tumbo, vazi la zipu, au la kuvuta juu

Mkanda mpana wa tumbo, ule unaojinata mbele, hauna umbo zuri na hujipandisha ukikaa. Kwa siku za dreni, mimi ningeuchagua wa kwanza. Unaufungua ukiwa umelala, unakagua tumbo, unakamua mrija kama umeelekezwa kufanya hivyo, unaufunga tena kwa kiasi unachotaka. Uvimbe ukiongezeka jioni, unaulegeza kidogo. Dreni za chini zinatokea chini ya ukingo wake bila kutoboa kitu. Upungufu wake ni kwamba haushiki nyonga wala mapaja, kwa hiyo kama umenyonywa mafuta maeneo hayo pia, hautoshi peke yake.

Vazi la zipu hadi mapajani linashika kila mahali kwa usawa na halijikunji sana. Ndilo nililopewa. Kulivaa ukiwa na dreni ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika vichupa, mwingine anapandisha zipu akiwa ameweka kidole chake ndani ili isiume ngozi wala mrija. Mara ya kwanza kulivua, kaa au lala. Mgandamizo ukiondoka ghafla damu hushuka miguuni na kichwa huzunguka, na wengi wamezimia bafuni kwa sababu hiyo. Mwambie mtu asimame karibu.

La kuvuta juu kama soksi, lisilo na zipu, liache mpaka dreni zitoke. Sina zaidi la kusema kulihusu.

Kuhusu saizi: agiza kwa vipimo ulivyopewa na mpasuaji, usijipunguzie saizi ukidhani utapungua haraka. Kiganja kilicholala bapa kinapaswa kuingia chini ya kitambaa kwa kujibana kidogo. Ngozi ikiwa baridi, imepauka au kuwa ya bluu, pumzi ikawa fupi, au ukingo ukijikunja na kukata kama kamba, vazi limebana mno, na mrija uliomo humo nao umebanwa mno. Nunua mawili kama unaweza. Kitundu cha dreni huvuja kidogo, na kuvaa kitambaa kibichi chenye majimaji juu ya jeraha ni kuutafuta ugonjwa.

Pini, mkanda wa kiunoni au kamba ya shingoni

Pini ni rahisi na kila nyumba inayo. Ichomeke kwenye kile kishikio cha plastiki kilicho juu ya kichupa, si kwenye kichupa chenyewe wala kwenye mrija; tundu la pini halionekani lakini hewa huliona. Na uchague nguo unayoibandikia. Nilibandika kwenye sketi, nikaisahau, nikaishusha. Siku hizi nasema: bandika kwenye vazi la kubana lenyewe, ambalo huwezi kulivua kwa kusahau.

Mkanda wa kiunoni wenye mifuko ndio uliokuwa raha yangu. Vichupa vinakaa nyongani, kila kimoja upande wake, na uzito haumo kwenye mshono. Usiku unauzungusha mifuko ikae mbele, kwa kuwa aliyepasuliwa tumbo hulala chali, mgongo umeinuliwa na magoti yamekunjwa. Hakikisha haubani juu ya vazi linalobana, maana utakuwa umejiwekea mstari wa mgandamizo mara mbili juu ya tumbo lenye ganzi.

Kamba ya shingoni ni ya bafuni. Vazi limevuliwa, mkanda umevuliwa, na vichupa vinahitaji kuning'inia mahali. Urefu wake ndio wa kuangaliwa: kichupa kikae chini ya mahali mrija unapotokea mwilini. Kwa dada yangu, kamba fupi ilitosha kwa dreni za kifuani. Kwangu mimi kamba ileile ilikiweka kichupa juu ya kitovu, na majimaji yalikuwa yanapanda mlima. Nikaunga kamba nyingine, vikafika mapajani. Na kuoga kwenyewe kunasubiri ruhusa ya mpasuaji. Wengine huruhusu maji ya bomba mapema, wengine hutaka dreni zitoke kwanza, lakini kujilaza kwenye beseni au karai la maji hakuna anayekuruhusu ukiwa na dreni.

Kwa titi, hesabu inabadilika

Dada alikuwa ameondolewa nyama na ngozi tumboni zikajenga titi, mishipa ikaunganishwa kwa hadubini. Titi la namna hiyo linaishi kwa mishipa myembamba mno, na kitu cha mwisho unachotaka ni kuibana. Niliingia chumbani kwake na elimu yangu ya tumbo, nikiwa tayari kumfunga kifua vizuri, muuguzi akanishika mkono. Tumboni alifungwa mkanda, kwa ruhusa. Kifuani alivaa sidiria laini inayofunguka mbele, bila waya, bila kubana. Kwa hiyo kama umejengewa titi kwa nyama yako mwenyewe, swali la vazi gani linakubana vizuri usilijibu kwa maandishi yangu wala ya mtu mwingine. Liulize kwa aliyekupasua.

Dreni za kifuani hutokea ubavuni chini ya kwapa, pale hasa ambapo mkanda wa sidiria hukaa. Sidiria ya kawaida inaulalia mrija siku nzima, na mkono ukishuka unaugandamiza tena. Fulana laini yenye mifuko ya ndani kwa ajili ya vichupa ilimfaa kuliko mkanda wa kiunoni, kwa kuwa haikubana na vichupa vilikaa karibu na mahali mirija ilipotokea. Yaani kile nilichokikataa kwa tumbo, kichupa ndani ya nguo, kwake kilikuwa chaguo bora, kwa sababu nguo yenyewe haikuwa ya kubana. Cha tatu, cha tumboni, tulikipitisha chini ya mkanda wa tumbo tukakitia kwenye mfuko wa kiunoni. Kila kichupa tulikiandika namba kwa kalamu ya wino usiofutika. Dreni tatu bila namba huleta daftari lisilosomeka, na ni kwa daftari hilo daktari anaamua ipi itoke.

Wanaume waliopunguzwa matiti huvaa fulana ya kubana. Kwao chagua inayofunguka mbele au ubavuni, na mrija utoke kwenye ukingo wa chini. Mengine ni kama ya tumbo.

Yasiyochagulika

Mikono inaoshwa kabla na baada, kila mara. Kipimo kinasomwa kichupa kikiwa kimesimama, kinaandikwa pamoja na saa na rangi. Rangi hutoka nyekundu, ikawa ya waridi, ikaishia manjano hafifu. Kichupa kinaminywa ndipo kifunikwe. Wapasuaji wengi huiondoa dreni inapotoa chini ya mililita 30 kwa saa 24, mara nyingi kwa siku mbili mfululizo, ingawa uamuzi ni wao. Usilikaze vazi ili kipimo kishuke. Najua kishawishi hicho, nilikuwa nacho, lakini majimaji yasiyotoka hayajaisha, yamebaki.

Piga simu hospitali mara moja kichupa kikijaa damu nyekundu mbichi tena na tena, upande mmoja wa mwili ukivimba na kuwa mgumu ghafla, majimaji yakinuka au kuwa kama usaha, homa ikifika nyuzi 38, au mrija ukichomoka. Dreni iliyoacha kutoa ghafla, ikague kwanza: fungua vazi, fuata mrija kwa kidole kutoka ngozini hadi kwenye kichupa, tafuta mkunjo au bonge la damu. Mara mbili nilidhani nimepona, kumbe nilikuwa nimeulalia. Maumivu ya shavu la mguu, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, hayo hayasubiri simu; nenda kwenye huduma ya dharura.

Na uliza mapema kama dreni ni lazima kwako. Wapo wapasuaji wanaoishona ngozi ya tumbo kwenye misuli iliyo chini yake kwa mishono mingi midogo ili pasibaki uwazi. Harlan na Todd Pollock wa Marekani waliieleza njia hiyo mwaka 2000, na baadhi ya wanaoitumia hawaweki dreni kabisa. Huenda haikufai, lakini swali halina gharama.

Siku ya kutolewa dreni, nenda na mkanda unaofunguka mbele hata kama umeshalizoea vazi la zipu, na beba shashi au pedi nene kwenye mkoba. Kitundu kinaweza kuendelea kuvuja siku moja au mbili. Mimi nilitoka nikiwa nimevaa suruali nyeupe, kwa furaha, na nilikuwa sijafika mlangoni pa hospitali ilipolowa hadi gotini.